Sari ya Mama Kwenye Kicheni Pati

Nasrin alizaliwa Hedaru, nyuma ya duka la vitambaa la baba yake, Mzee Yahaya, Mpare aliyeoa binti wa fundi cherehani wa Kihindi. Mama yake alivaa sari maisha yake yote. Alipepeta mchele amevaa sari, akafukuza mbuzi barabarani amevaa sari. Asubuhi Nasrin alikaa kitandani akimtazama anavyopanga mikunjo kiunoni, pini kazibana mdomoni, huku akimhimiza avae viatu vya shule. Malori yalipotimua vumbi, mama alimfunika kwa ile ncha inayoning'inia begani, na mtoto akaiona Hedaru nzima ina rangi ya haradali.

Hiyo ya haradali, yenye ukingo wa kijani, ndiyo aliyoipenda kuliko zote. Mama alipofariki, Nasrin alizikunja sari zake akazifungia sandukuni. Duka akalirithi yeye.

Mwaka jana alikuja Mwanahalima, mke wa kaka yake.

"Wifi, niazime sari moja ya marehemu. Jenifer anaolewa, kicheni pati yake iko Same, sare ni za Kihindi. Nitaitunza."

Nasrin alisita, kisha akampa ile ya haradali. Mwanahalima alikuwa mkwe wa marehemu, si mtu baki.

Jumapili ya sherehe Nasrin, naye mwalikwa, alipoingia ukumbini, wanawake wote walikuwa na madoa mekundu ya rangi ya mdomo kwenye paji la uso. Mwanahalima alisimama mbele, kipaza sauti mkononi. Sari ilikuwa imekatwa kwa mkasi upande wa chini, nyuzi zinaburuta sakafuni, kwapani imelowa jasho. Alishika paja la kuku, akalitafuna, akajifuta mafuta kwa ile ncha ya begani.

Kisha akabana pua, akaiga Kiswahili cha Wahindi. "Veve toto, iko kula pilipili, iko lia nini?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Nasrin hakucheka. Hayo yalikuwa maneno ya mama yake hasa, aliyomwambia yeye akiwa mdogo, huku akimpa maji. Alikimbilia nje akatapika kando ya ukuta, akasukutua, akarudi ndani moja kwa moja hadi kwa Mwanahalima.

"Wifi, vua."

"Hapa mbele za watu?"

"Nenda chumbani ukavue. Sasa hivi."

"Jamani, kitambaa tu hicho! Nitakifua."

"Usikifue. Nipe."

Mama yake Jenifer alimtafutia Mwanahalima khanga. Nasrin akaondoka na sari ndani ya mfuko.

Nyumbani aliiloweka, akaifua, akaianika, akaifua tena. Kila alipoinusa alisikia kuku, jasho na manukato ya mtu mwingine. Hakuweza kuirudisha sandukuni na zile nyingine, aliona zitachafuka. Akaichoma nyuma ya duka. Hariri ilinuka kama nywele zinazoungua, naye akasimama pale pale, pua ameziba, mpaka ikaisha.

Kaka yake alisema amezidisha.

Idi ilipofika, Mwanahalima alileta mwenyewe sahani ya sambusa, akasalimia kama kawaida. Nasrin alipokea, akashukuru. Alipofunua akaona mafuta yanavyong'aa, akamkumbuka akijifuta kwa sari ya mama. Alisubiri wifi yake avuke barabara, kisha akawamwagia kuku wa uani sambusa zote.