Ukili Uliokaa Uvunguni

Baridi yabisi ilinianza kwenye vidole gumba, ikasambaa mikononi, na miaka ile ya themanini, mjukuu wangu wa kwanza alipochumbiwa, nilikuwa siwezi hata kufunga kifungo. Kwetu Malindi, bibi ndiye aliyemsukia mjukuu mkeka wa harusi. Na sharti lilikuwa mkono mmoja: ukili wote, ule ukanda mrefu wa miyaa ya mkindu unaoshonwa kuwa mkeka, usukwe na yeye toka mwanzo hadi mwisho, maana mkono wa mtu hujulikana kwenye ukili kama sauti yake mlangoni.

Nilisuka hata nikafika nusu, vidole vikakataa. Nikauviringisha ule ukili, nikausukuma uvunguni mwa kitanda, nami nikalala juu.

Wanawake wa mtaa tulikuwa tukikutana uani kwa wifi yangu baada ya adhuhuri, kila mmoja na miyaa yake ya kusukia. Majina yao ninayo yote kichwani, wao na mama zao. Siyaandiki, maana wengi wametangulia, nami sikuwaomba ruhusa.

Nikaacha kwenda. Mwanzo nilisema mikono yauma. Kisha sikusema kitu. Chakula kikawa kama vumbi la mbao mdomoni. Mkaza mwanangu akiniletea chai, ilipoa pale pale alipoiweka. Hospitali walinipa vidonge, wakasema nikande mikono kwa maji ya moto, nisiiache ikae bure. Mikono waliitazama. Moyo hakuna aliyeniuliza, na mimi sikujua kwamba nao huulizwa.

Mchana mmoja wifi yangu akaingia bila hodi.

"Wewe umekufa au umesusa? Kama umekufa, niambie nikatafute sanda."

"Niache, wifi. Mimi sina kazi tena."

"Kazi gani?"

Nikalia. Nikamwonyesha uvunguni. Akapiga magoti huku akiwalaani panya wa nyumba yangu, akautoa ule ukili pamoja na utando wa buibui.

"Huu tutaumaliza sisi," akasema.

"Utakuwa na mikono mingi. Watu watacheka."

"Afadhali wacheke wamekaa mkekani kuliko wanune wamekaa sakafuni." Akautia kwapani. "Ukiutaka, nyumba yangu waijua."

Sikulala kwa hasira. Kesho yake nikajifunga leso, nikaenda nikishika kuta za watu njia nzima, nikawazuie wasiniharibie ukili wangu.

Nilipofika, hawakunipa pole. Mmoja alinisukumia sufuria ya maji ya uvuguvugu waliyokuwa wakilainishia miyaa. "Hapa hakai mtu bure, bibi. Lainisha hiyo."

Nikatia mikono. Maji yale yaliniingia mpaka kwenye mifupa. Nikawa nachovya, nageuza, natoa, na kabla ya alasiri nikaona vidole vimelegea kidogo. Nikamnyang'anya wifi yangu ukili, nikasuka kama shibiri moja.

Akauinua juu wote wauone. "Tazameni! Umelegea kama suruali ya mlevi!"

Wakacheka. Na mimi nikajisikia nacheka, nikashangaa, maana ile sauti sikuwa nimeisikia siku nyingi.

Sikupona. Zilikuja asubuhi ambazo moyo ulikuwa mzito tena, nikageukia ukutani. Lakini nisipoonekana uani walikuja kunichukua, wala hawakuja kwa upole. Nami nilikuwa nikienda.

Mkeka ulishonwa ukaisha. Hata kipofu angeupapasa akajua: hapa mkono wa wifi, hapa wa jirani, hapa wangu wa zamani uliokaza, na pale pembeni wangu wa sasa.

Harusi ilipopita nikaenda kumtazama mjukuu wangu. Nikamkuta anakunywa chai, amekaa pale pale pembeni palipolegea.

"Mbona hapo?" nikamuuliza.

"Ndipo laini, bibi."

Nikamwambia asogee, nami nikae.