Mlango, Mwambie Huyo Mtu

Nilipopangiwa kufunga vifaa kwenye chumba baridi cha samaki kule ufuoni Homa Bay, nilimwomba bosi anitume Kehancha badala yake. Kehancha kulikuwa na mabanda ya kukaushia tumbaku, moshi, joto la kukausha koo. Sikujali. Bosi akauliza Homa Bay kuna nini. Nikamwambia mwenyekiti wa kina mama wenye chumba hicho ni mama mkwe wangu. Akacheka, akasema basi nitapikiwa vizuri. Huyo bosi ni mtu wa Nairobi, hajui kitu.

Kwetu mama mkwe, maro, anaheshimiwa kwa kukaa mbali naye. Humpi mkono, huli mbele yake, hukai naye chumba kimoja, na kumpazia sauti kutoka juu ya ngazi ni jambo hata sitaki kulifikiria. Miaka yote ya ndoa yangu tuliongea kupitia kwa mke wangu. Mama akitaka kujua kama nimepona malaria, alimuuliza binti yake, binti yake akaniuliza mimi, na mama mwenyewe yuko pale pale nyuma ya ukuta, ameshasikia jibu kabla hajapelekewa. Mambo yalikwenda sawa kabisa. Kisha mke wangu akapata kazi ya uuguzi Doha, akaenda, na sisi wawili tukabaki bila mtu wa katikati.

Kazi yenyewe si ngumu. Ndani ya chumba baridi unatundika vihisi vinne, ingawa sisi mafundi husema sensa, kila kimoja ukubwa wa kipande cha sabuni. Vinapima baridi na kuirusha hewani bila waya hadi kwenye boksi la kupokea lililo juu ya nguzo nje, nalo boksi linaituma kwa simu yangu Migori. Ila boksi halimsikilizi kila anayebisha hodi. Lazima kwanza litambulishwe kwa kila kihisi: mtu aliye ndani anabonyeza kitufe, kihisi kinaonyesha nambari sita, na mtu aliye kwenye boksi anaziandika kabla nusu dakika haijaisha. Nambari hizo ni marufuku kupita kwa simu. Zitoke mdomoni mwa mtu aliye pale, ziingie sikioni mwa mtu aliye pale. Ukali huu ulianza baada ya mambo ya Ogwedhi, ambako boksi la zamani la tangi la maziwa lilisikiliza kifaa cha jirani aliyekuwa akitotoa vifaranga kwa mashine, likapiga kengele kwamba maziwa yamepata joto la kuku.

Mama alikuwa amekipigania chumba hicho. Kabla yake, lori la mnunuzi likichelewa, kina mama walikaa wakiwaangalia samaki wakilegea mbele ya macho yao, mpaka wanawauza kwa bei ya kutupa. Kampuni yetu ilikileta kwa majaribio. Kisipotoa taarifa, au kikipiga kengele za bure, kinang'olewa kinapelekwa ufuo mwingine. Mama aliwaambia wenzake kwa mdomo wake mwenyewe kwamba atakayegusa vifaa vya ndani ataonana naye.

Siku ya kufunga, mwenzangu wa kazi akaamka mgonjwa. Kina mama wengine walikuwa ukingoni wakipokea samaki kutoka mashuani, kwa sababu lori lilikuwa njiani. Aliyebaki na ufunguo alikuwa mama. Mimi juu ya ngazi, yeye ndani amevaa koti zito la mtumba, mlango umeachwa wazi kidogo. Yawa!

Kubonyeza alibonyeza. Kisha kimya. Nusu dakika ikaisha, boksi likajizima. Akabonyeza tena, kimya tena. Mara simu yangu ikalia: mke wangu, Doha. "Mama anasema nne, saba, moja..." Muda ulikuwa umekwisha kitambo. Tukajaribu hivyo tena na tena. Nambari zilizokatazwa kupita kwa simu zilikuwa zinasafiri hadi Uarabuni, zinageuka, zinanirudia mimi niliyekuwa karibu nazo kiasi cha kusikia mama akipiga chafya. Mke wangu alikuwa kazini, ananong'ona. Mwisho akasema, "Nyinyi mtanifukuzisha kazi. Si muongee tu!" Akakata.

Nilibaki pale juu nimekasirikia kila mtu. Nilimkasirikia zaidi aliyebuni lile boksi. Bwana huyo aliwafikiria wezi, akawafikiria majirani wenye vifaranga, lakini wakwe hakuwafikiria hata kidogo.

Ndipo nikasikia sauti kutoka ndani. Mama alikuwa amenipa mgongo, anauambia mlango.

"Mlango, huyo mtu akikuuliza, mwambie tisa, mbili, mbili, sita, sifuri, nne. Usisimame tu hapo, mwambie."

Nikaandika mbio mbio. Taa ikawa ya kijani. Nikakohoa kidogo. "Ngazi," nikasema, "mwambie mama hicho kimeingia, abonyeze kingine." Nikasikia kicheko kimezibwa na kola ya koti. Vyote vinne viliingia hivyo, na lori lilipofika nilikuwa tayari nakunja waya zangu. Nilimpenda sana mama yule siku hiyo, na nasema bila aibu.

Chumba kikafanya kazi vizuri. Samaki wakaondoka wagumu, macho maangavu, na mnunuzi akaacha kunung'unika. Halafu alasiri moja, nikiwa sokoni Migori nachagua viazi, simu ikapiga kengele. Vihisi vitatu vilisoma digrii mbili kama kawaida. Cha nne kilikuwa kinapanda: kumi, ishirini, thelathini na tatu. Kikakaa hapo. Bosi naye akapiga, moto. "Chumba hakiwezi kuharibika kona moja! Hiyo ni kengele ya bure. Nikiona nyingine, chumba kinahama." Nikaviacha viazi kwa mwenyewe nikaenda Homa Bay, njia nzima napanga maneno makali ya kumwambia huyo aliyechezea kifaa.

Nilimkuta mama ameketi juu ya kreti nje ya chumba, amefumbata kihisi kwa viganja vyote viwili. Hakunitazama.

"Mlango," akasema, "mwambie huyo mtu mtoto wetu wa Doha hajapiga simu tangu Jumapili. Muulize kama yeye amesikia lolote."

Maneno yangu makali nikayasahau. Kunipigia simu moja kwa moja asingeweza, kama mimi nisivyoweza kumpigia yeye. Alijua masharti ya chumba kuliko mtu yeyote pale ufuoni. Alijua wanaweza kuja na lori wakakibeba, na bado aliingia, akakitundua kifaa, akakishika mpaka kikapata joto la mkono wake, ili nije.

"Mlango," nikasema. "Mwambie mama hata mimi sijasikia. Nimekuwa nikijiambia ni zamu nyingi tu. Nina hofu."

Akashusha pumzi ndefu. "Basi mwambie akae," akasema. Nikakaa upande wa pili wa kona ya ukuta, yeye kwenye kreti yake, na simu yangu nikaiweka chini katikati, sauti juu kabisa. Jua lilikuwa bado halijashuka ilipolia, nambari ngeni. Alikuwa mke wangu, kwa simu ya mwenzake wa kazi. Yake ilikuwa imetumbukia kwenye ndoo ya kufulia.

"Uko wapi?" akauliza.

"Kwa mama."

"Na nani anawatafsiria?"

"Mlango," nikasema. Akacheka, kisha akalia, na mama akasikia yote, akawa anamwita Mungu kwa lugha yetu, "Nyasaye, Nyasaye," huku anapanguza macho kwa kihisi cha kampuni.

Bosi nilimwambia kihisi hakina kosa lolote, na kwamba haitatokea tena. Chumba kiko pale hadi leo. Wiki iliyofuata nilirudi na kihisi cha tano, nilichokinunua mwenyewe. Tukakitambulisha kwa njia yetu, yeye ndani, mimi kwenye ngazi, mlango ukituma salamu. Hiki hakina kengele na bosi hakioni. Kinasomeka kwenye simu mbili tu, yangu na ile mpya ya Doha. Mama amekitundika sebuleni kwake, pale karibu na ufuo, chini ya kalenda ya kanisa, na siku nyingi kinasoma joto la nyumba tu.

Jana baada ya ibada kilipanda hadi thelathini na tatu, kikakaa hapo kwa muda mrefu. Kabla sijaweka chini kikombe cha chai, mke wangu alikuwa ameshaniandikia: "Umeona? Mama anatusalimia."