Mahindi ya Mama Mkwe

Mwaka jana lori zima la mahindi ya kijiji cha kina Tekla, ng'ambo ya Mafinga, lilirudishwa mpakani. Lilikutwa na sumukuvu, ile sumu ya kuvu inayoota kwenye mahindi yasiyokauka sawasawa, na nchi za Afrika Mashariki zilishakubaliana huko Arusha kiwango kimoja cha sumu hiyo kwa wote. Mnunuzi akasema yakirudishwa tena, yeye na kijiji hicho basi. Na kijiji hakina zao jingine la kusomeshea watoto.

Diwani Aroni alihimiza wasubiri mwongozo kutoka Dodoma. Huyo angesubiri mwongozo hata nyumba ikiungua. Tekla, mwenyekiti wa kitongoji, mwimbaji wa kwaya ya Kilutheri mwenye kichwa kigumu, akawakumbusha kwamba kijiji kina haki ya kujitungia sheria ndogo. Wakatunga, halmashauri ikaridhia: mahindi yaanikwe kwenye turubai, na yasiingie ghalani bila kupimwa.

Mzee Gideoni alinuna. "Arusha wanalima wapi, mpaka watufundishe kuanika?"

"Wao wametuonyesha mlango tu, baba," Tekla akamjibu. "Kuingia ni juu yetu."

Kipimo kilikuwa chupa yenye chumvi kavu. Unatia punje, unatikisa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi hayajakauka.

Siku ghala lilipofunguliwa, wa kwanza kufika alikuwa Bibi Damari, mama mkwe wa Tekla, na magunia ya nyumbani kwao. Tekla akatikisa chupa. Chumvi ikaganda. Tekla alipokuwa akihangaika na vikao, bibi alianika kama alivyofunzwa na mama yake, chini, kwenye uwanja uliofagiliwa vizuri, na baridi ya Juni haijui uwanja wa nani.

Gideoni akasogea aone vizuri. Tekla aliona aibu, maana kumrudisha mama mkwe mbele za watu si jambo dogo. Akapiga goti, kama anavyomsalimu kila asubuhi.

"Mama, haya hayaingii. Turudi nayo, nitayaanika mimi."

Bibi Damari akainama, akashika gunia upande mmoja, mkwewe akashika wa pili.

Gideoni alikuwa anafuata kwenye foleni, na mkokoteni wake umejaa. Hakungoja chupa. Aliugeuza mkokoteni, akawafuata wale wanawake wawili, akimwuliza Tekla kama turubai la kanisa limeshaazimwa.