Nilijitoa Katika Chama cha Mazishi Bila Kumwambia Mke Wangu

Msimamizi wa ukurasa huu, naomba jina langu lisitajwe, wala jina la kanisa letu. Mimi ni mwanamume wa miaka sitini na mitatu, niliyekuwa mwalimu Kenya. Naishi Anoka, kaskazini mwa Minneapolis, huku Marekani, pamoja na mke wangu na binti yetu wa mwisho.

Miaka sita iliyopita magoti yangu yalikataa kazi ya kuinua wagonjwa katika nyumba ya wazee. Tukabaki na mshahara wa mke wangu peke yake. Tuliketi mezani tukakubaliana kuishi kwa kadiri ya tulicho nacho. Tuliuza gari moja, tukahamia nyumba ya vyumba viwili, tukanunua maharagwe kwa gunia. Mke wangu alininyoa nywele jikoni huku akinicheka: "Mwalimu, kichwa hiki kingekuwa kidogo tungeokoa hata sabuni." Sikuwahi kumsikia akinung'unika. Tulikuwa na furaha kuliko tulipokuwa na mishahara miwili, maana sasa tulikula pamoja kila jioni.

Kosa ni langu. Yeye aliniachia mimi kazi ya kuamua kipi kikatwe. Wakenya wa hapa tuna chama cha mazishi: kila familia hutoa mchango wa kila mwezi, na mwenzetu akifariki chama humsafirisha hadi nyumbani. Nilijitoa. Tena nilisimama mkutanoni, siku ambayo mke wangu alikuwa kazini, nikawaambia wanachama kwamba mtu mwenye akili halipii jeneza ilhali mtoto wake anakula maharagwe. Nyumbani sikusema neno. Mke wangu aliendelea kwenda kuwapikia wafiwa chapati, akiamini kwamba sisi ni wanachama, na hakuna aliyethubutu kumwaibisha.

Mwaka huu amegunduliwa kuwa na saratani ya ini. Madaktari wamesema hatafika Krismasi. Alilia siku moja tu. Kisha akamwambia binti yetu, "Usilie, mwanangu. Mimi sitalala kwenye barafu ya hapa. Chama kitanipeleka nyumbani, nizikwe kando ya mama yangu. Baba yako amejinyima miaka yote hii akilipa."

Binti akajibu kwa Kiingereza kwamba hataki kusikia habari hizo. Mimi nikainuka nikaenda kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Akiba yetu imekwisha kwa matibabu. Nilimwendea mwenyekiti wa chama, nikamsihi arudishe jina letu.

"Ameshaugua?" akaniuliza.

"Ndiyo."

"Katiba hairuhusu kumwingiza mgonjwa, Mwalimu. Wewe ndiwe uliyeiandika. Na wenzako hawajasahau habari ya jeneza na maharagwe."

Jumapili iliyopita mke wangu aliniagiza nimpigie kaka yake simu, asafishe ile sehemu iliyo karibu na kaburi la mama yao. Nilimpigia. Shemeji yangu ameng'oa migomba yote na kututumia picha. Mke wangu huitazama kila asubuhi kabla ya kumeza dawa.

Nikimwambia ukweli, nitamnyang'anya kitu pekee kinachompa usingizi. Nikinyamaza, atakufa akinishukuru. Nyinyi mliokwisha kuwauguza wenzi wenu, nishaurini: nimwambie, au ninyamaze?