Watoto Saba wa Kitabu Kipya

Ofisini walimwita Hakosei. Aliandikisha vizazi kwa miaka thelathini na moja, na hakuna aliyewahi kumkuta amefuta neno. Jina hilo alilipenda kuliko mshahara, na ndilo lililomponza.

Alikuwa na mtindo wake. Desemba, kazi ikipoa, alichukua kitabu kipya na kuandika mwaka unaokuja juu ya kila ukurasa, ili foleni ya Januari isimtoe jasho. Mwaka mmoja kitabu cha zamani kikajaa tarehe ishirini na nane. Akafungua kipya, akaendelea kuandika, wala hakushtuka. Watoto saba wa siku zile wakapunguziwa mwaka mzima wa maisha yao. Mmoja wao alikuwa binti yake.

Mkewe alifariki mapema, na nyumbani umri ulihesabiwa kwa cheti. Binti alipoomba chuo cha uuguzi akaambiwa hajatimiza miaka kumi na minane, baba alihesabu vidole, akaenda kufungua kitabu, akaona. Akakifunga. "Subiri mwakani," alimwambia mtoto. Mwakani chuo kikapandisha alama za kuingilia, binti akaachwa nje. Mpaka leo anapiga deki wodini, akiwapisha wauguzi wapite.

Hakosei alikuwa amekwisha kustaafu, macho yameingia ukungu, siku mgombea urais alipobisha hodi.

"Shikamoo, mzee. Sheria inataka rais awe ametimiza miaka arobaini siku ya kurudisha fomu. Uraia ninao, wadhamini ninao, jela sijawahi kulala. Cheti tu ndicho kinachoninyima miezi minne. Mama anaapa nilizaliwa mwaka wa nyuma."

"Fomu zinafungwa lini?"

"Kesho saa kumi. Wameniambia anayeweza kuapa kwamba kitabu kimekosea ni aliyekiandika."

Mzee alipima. Akikataa, atazikwa na jina lake safi, na binti hatajua kitu. Akikubali, kitabu kitafunguliwa, na asiyeona hawezi kujisomea; atakayemsomea ni binti. Mgeni akaanza kusimama.

"Nitakuja," mzee akasema. Aliona aibu kwamba neno lenyewe lilikuwa fupi kiasi kile.

Kesho yake binti aliomba ruhusa kazini, akamshika baba mkono mpaka ofisini. Mgombea alikuwa amekwisha kufika, na karani mpya aliweka kitabu mezani.

"Nisomee, mwanangu. Kuanzia namba moja."

Binti akasoma. Namba moja, Desemba ishirini na nane. Namba tatu, mgombea. Namba nne, jina lake mwenyewe, akaisoma mpaka katikati, akakoma. Kidole chake kikashuka hadi namba nane: Januari mbili, mwaka uleule. Ni nani anayezaliwa Desemba akaandikwa kabla ya Januari ya mwaka huohuo? Hakuhitaji kuelezwa.

"Baba, ulijua lini?"

Angeweza kusema, "Leo." Uongo huo ulimjia ulimini, akaumeza.

"Ulipoomba chuo."

Mgombea aliinamisha kichwa. Karani alijifanya anatafuta kitu kwenye droo. Binti alibaki ameshika ukingo wa meza kwa mikono yake iliyochubuliwa na dawa za sakafu, na baba, ambaye hakuwa akiuona uso wake, alisikia pumzi zake tu.

Kisha akahisi kalamu ikitiwa mkononi mwake, na mkono wake ukivutwa taratibu mpaka penye mstari wa hati ya kiapo.

"Saini, baba," binti akasema. "Mwenzangu asichelewe."