Hodi ya Kisimani Mjambere

Nakumbuka siku moja ya ujana wangu, mwanangu, ambayo hata nikiiwaza mchana wa jua kali bado mwili hunisisimka. Nimesikia kikundi chenu kimepata ruzuku ya kusafisha ule uwanja ulio nyuma ya soko, na wallahi nimefurahi, Mkristo mimi na viapo vya majirani. Basi kaa kidogo. Hizo fulana zenu mpya zitasubiri.

Sisi nasi tulikuwa na kikundi, hapa hapa Mjambere. Wafadhili walitupa fedha kidogo za kazi ya kujitolea, tukachagua kufukua kisima cha zamani kilichojaa taka, maana mama zetu walikuwa wakinunua maji ya mkokoteni kila siku. Katika maombi tuliandika kwamba kisima kimetelekezwa. Neno hilo lilitupendeza sana. Hatukumuuliza mtu kilitelekezwa kwa nini.

Mgeni wa wafadhili alitarajiwa siku ya pili, na tulitaka akute kazi imeanza. Aliyekuwa ashuke ni kaka yangu Karisa, mwembamba na mbishi kuliko sote. Alikwisha kufungwa kamba kiunoni Hawe Mbeyu alipotoka nyumbani kwake, hapo hapo kando ya kisima. Hawe ni nyanya kwa Kigiriama, na mtaa mzima tulimwita hivyo.

"Shikamoo, Hawe."

"Marahaba, wanangu. Mmepiga hodi?"

Wenzangu wakacheka chini chini. Nani apigie shimo hodi? Mimi nikainama ukingoni ili kumridhisha tu, nikaita hodi mara tatu. Kimya. Hata mwangwi haukurudi, na kisima kile kilikuwa kirefu.

"Mtu akipiga hodi tatu asijibiwe hufanyaje?" akaniuliza.

"Hurudi."

"Basi rudini."

Tulirudi, kwa heshima ya mvi zake. Karisa alininunia hadi kulala.

Asubuhi mgeni akaja na kamera yake shingoni. Karisa akafungwa kamba tena, akaketi ukingoni huku miguu ikining'inia ndani. Hawe alisimama karibu nami, ananitazama mimi tu. Nikaita hodi ya kwanza.

Huko chini ikajibu sauti ya mtoto wa kike, taratibu, kama aliyeamshwa usingizini.

"Ngojeni kwanza."

Tulisikia sote. Mgeni akauliza kama kuna mtu ndani. Nilimgeukia Hawe, nikaona midomo yake imefumbwa na machozi yanamtiririka. Niliogopa, mwanangu, sijapata kuogopa vile. Nikamkamata Karisa shati, nikamvuta kwa nguvu zangu zote. Tulikuwa bado chini tunagombana, yeye akinitukana, ukuta wa kisima ulipoporomoka wote, mawe na mchanga, vumbi likatufunika.

Lilipotulia, Hawe akasema, "Ni Dama, mdogo wangu. Alitumwa maji, ukuta ukamwangukia, wakashindwa kumtoa. Ndiyo sababu tulikiacha."

"Mbona hukutwambia, Hawe?"

"Mlikuja na majembe. Hakuna aliyekuja na swali."

Mchungaji wetu aliniambia ile sauti ilikuwa woga wangu. Labda. Lakini Karisa leo ana wajukuu, na hapiti pale bila kuvua kofia.

Sasa sikiliza. Uwanja wenu umekaa wazi miaka yote hii, katika mtaa huu ambao watu hushikana mashati kwa kipande cha ardhi, na hakuna aliyethubutu kujenga hata kibanda. Kabla hujanunua fagio moja kwa fedha zile, nenda nyumba zilizo karibu, salimia wazee, ukae, uulize kwa nini. Ukiambiwa ngoja, ngoja, hata kama mwenye kamera yuko njiani.

Nenda, mwanangu. Mungu akutangulie, awabariki wenzako na mikono yenu. Na kila mahali utakapopiga hodi, akujaalie ujibiwe na aliye hai.