Mfereji Niliouchagua Mbele ya Marehemu

Niite mwongo ukipenda. Wengi wameshaniita, na wengine ni wa kanisani kwangu kabisa. Lakini haya yalinipata mimi mwenyewe, hapa Voi, nikiwa na akili zangu timamu na tumbo limeshiba. Sikuota, wala sikusimuliwa.

Kwanza umjue marehemu mume wangu, Baba Wakesho. Alikuwa msimamizi katika shamba la mkonge, mcha Mungu, na hakuwahi kuniinulia mkono. Lakini mifereji ya maji! Aliifunga kwa nguvu zake zote, mpaka chuma kilie. Maji ya Voi huja kwa siku zake, alisema, na tone ni mali. Basi nikitaka kunawa, nilihangaika na ule mfereji wa kuzungusha hadi kiganja kiwake moto, halafu nimwite. "Baba Wakesho, njoo unifungulie." Anakuja akicheka. Unajua maana ya kuomba maji nyumbani mwako mwenyewe, maisha yote ya ndoa? Nilinyamaza, kwa sababu wenzangu walikuwa wakipigwa, na mimi nilionekana nimebarikiwa.

Alipofariki tukamzika kwao Chawia. Matanga yalipokwisha na mwaka ukapita, nikaamua kutengeneza bafu. Nilitaka sinki jipya na mfereji wa kisasa, ule unaotoa maji mapana kama maporomoko, unaofunguka kwa kuinua kishikio kwa kidole kimoja. Kidole kimoja tu! Shemeji zangu walicheka mpaka wakashika mbavu: maji yenyewe hayaji, na huyu anataka maporomoko. Nikawaambia siku yakija, yaje kwa heshima.

Jioni moja nikaingia duka la vifaa vya ujenzi karibu na soko. Muuzaji, binti mchangamfu, akanipangia mifereji mitatu juu ya kaunta.

"Mathe, hii nyeusi ndiyo wanachukua sana saa hii."

Huo mweusi nikaukataa, maana chumvi ya maji yetu ingeuchora mistari myeupe kabla wiki haijaisha. Wa pili ulikuwa wa kuzungusha, mwepesi, ukiugonga unalia kama kopo. Wa tatu ulikuwa wa shaba, mzito, uliopakwa rangi ya fedha iliyofifia na mdomo mpana ulio wazi. Nikashika kishikio chake. Hapo hapo stima ikapotea, na binti akatoka uani kuwasha jenereta.

Nikasikia harufu ya mkonge mbichi uliokamuliwa. Niamini, harufu hiyo siwezi kuikosea, nimeifua katika mashati yake tangu nilipoolewa. Kisha mkono ukashuka juu ya mkono wangu, mkavu, wa moto kama bati la mchana, ukakibana kishikio chini.

"Mama Wakesho. Chukua ule wa kuzungusha."

Wewe ungefanya nini? Ungekimbia. Mimi, kabla hofu haijafika, hasira ilikuwa imeshafika.

"Huu hauzibi," nikamwambia. "Mdomo uko wazi, chumvi naifuta na kitambaa. Ule wako kila mara tulikuwa tunauchokonoa na sindano."

"Utamaliza maji."

"Ni maji yangu. Wewe umekufa, Baba Wakesho. Nenda."

Mkono ukabana zaidi. Nikapenyeza kidole chini ya kishikio, nikasukuma juu hadi nikasikia mfupa wa kidole changu ukilia. Taa zikawaka. Hapakuwa na mtu, ila kwenye kaunta palikuwa na nyuzi za mkonge, mbichi, zenye maji maji. Binti akaziona, akaniuliza kama nimetoka shambani. Nikamwambia anifungie mfereji huo.

Fundi akaufunga kwenye sinki. Unadhani yaliisha? Kila jioni nilikuta kishikio kimekaza, hakiinuki hata kwa mikono miwili. Fundi akija asubuhi, kinainuka bila shida, naye ananitazama kama niliyerukwa na akili. Mwishowe mama mkwe wangu akashuka kutoka Chawia. Ni mama wa kanisa, lakini mambo ya wazee hajayasahau.

"Mwanangu amekasirika," akasema. "Rudisha ule wa zamani, kisha tutafute wa kutasa kwa niaba yake."

Kutasa, kwetu Wataita, ni kuchukua maji au pombe mdomoni, kuyapuliza nje na kutamka baraka, ili hasira iliyo moyoni itoke, isimdhuru mtu.

Nikamuuliza, "Mama, anayetasa ni nani?"

"Ni yule mwenye hasira."

"Basi yuko hapa."

Nikachota maji kwenye ndoo, nikajaza mdomo, nikageukia mfereji na kuyapuliza. "Nilikukasirikia, Baba Wakesho, kwa kila mara niliyokuita unifungulie. Hasira hii initoke. Ulale salama, mvua inyeshe Chawia, watoto wako wastawi. Lakini mfereji haurudi dukani!"

Mama mkwe akashika mdomo. "Kumbe ni wewe uliyekasirika?"

"Ni mimi, Mama. Tangu harusi."

Mbele ya macho yetu kishikio kikainuka chenyewe, taratibu, na maji yakashuka mapana, yakang'aa. Nilimtazamia mama mkwe akimbie. Yeye akasogea, akaingiza mikono miwili chini ya maji yale, akanawa kwa muda mrefu huku akilia.

"Hata baba yake," akasema, "alikuwa akifunga hivyo hivyo."

Kidole changu hakijanyooka tena. Hospitalini wamekipiga picha, wanasema mfupa ni mzima. Na siku nyingine harufu ya mkonge huingia bafuni. Nikifungua maji yaende kidogo, inaondoka. Siogopi tena, na mfereji uko pale pale. Lakini wewe unayebana vitu nyumbani ili uombwe, nakuonya mapema. Siku moja utazikwa, na mkeo ataingia dukani kuchagua.